Kamongo wa Tatu

"Mbu wako wamemla mjukuu wangu mpaka sikio limevimba kama andazi, na wewe umekaa hapo unakunywa chai!"

Hivyo ndivyo Bi Umulkheir alivyoingia kwa mwenyekiti wa LC, serikali yetu ya mtaa, mkoba kwapani, bila kumsalimia mtu. Aliyekuwa anaambiwa ni Dawudi, mfyatua matofali. Dawudi aliweka kikombe chini polepole kama mtu mwenye siku nzima.

"Hajjati, mbu ni wa Mungu."

"Usiniite Hajjati, sijaenda Makka. Nitaendaje na damu yote wameimaliza mbu wako? Na Mungu hakuchimba shimo nyuma ya choo changu. Umechimba wewe."

"Sasa utajua aje wametoka kwangu? Mbu iko na kitambulisho?"

Watu walicheka. Tulikuwa wengi pale, maana kesi ya Bi Umulkheir hakuna aliyetaka kuikosa. Yeye akangoja kicheko kiishe, akafungua mkoba, akatoa mkebe wa siagi, akaumwaga juu ya karatasi za mwenyekiti. Mbu. Mbu wakavu, weusi, mamia kwa mamia, waliouawa kwa kiganja mmoja mmoja kwa muda wa miezi miwili na kuwekwa akiba.

"Hawa ndio mashahidi," akasema.

Mwenyekiti alipuliza karatasi zake. "Mama, hawa wamekufa. Watasema nini?"

Niwaeleze kidogo kuhusu mama huyu. Mimi nauza mkaa pale njia panda, tumepakana miaka tisa, najua ninachosema. Bi Umulkheir ni mzaliwa wa Kisugu, kule mjini. Baba yake alisomesha watoto Kurani barazani, na baba wa babu yake alikuja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, akauza vitambaa, akaoa, akakaa. Duka lao la kanzu na baibui liko Kisugu mpaka leo. Mumewe alipofariki, alimwachia duka mwanawe Mubarak, akahamia kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, huku bondeni chini ya kilima cha Makindye, mahali ambapo nyumba zinakwisha na mafunjo yanaanza. Watu walisema hatamaliza mwezi. Akalima muhogo, akapanda mayuni, yaani magimbi, akafuga mbuzi wanne, akamaliza miaka kumi na miwili.

Jambo moja la kujua ni kwamba hasahau. Kuna fundi cherehani wa Kisugu aliyewahi kumharibia baibui kabla hata Mubarak hajazaliwa. Mpaka leo Bi Umulkheir hapiti mtaa ule. Fundi alishakufa, kibanda kimekuwa cha kuuza simu, na yeye bado anazungukia nyuma ya msikiti ili asikitazame.

Huyo ndiye mtu ambaye Dawudi alimchimbia shimo mpakani.

Shimo lenyewe ni la udongo wa matofali. Walichukua udongo, mvua ikaleta maji, na maji yakakaa ya kijani, yamejaa viluwiluwi wanacheza kama watoto wa shule wakati wa mapumziko. Ikifika saa kumi na mbili jioni huwezi kufungua mdomo ukasema neno, utammeza mmoja. Bi Umulkheir alijaribu kila kitu. Alifukiza udi wa nyumbani kwao, mbu wakanukia vizuri na wakauma vilevile. Alichoma kinyesi cha ng'ombe, alitundika chandarua juu ya chandarua. Usiku alikuwa analala. Ni jioni, kabla ya kuingia kitandani, ndipo mbu walipomuuma mtoto.

Mtoto ni Jannat, wa miaka sita. Mama yake, Nusura, binti wa Bi Umulkheir, anafanya kazi kwenye duka la kuchapa karatasi Wandegeya, anatoka alfajiri na kurudi giza, kwa hiyo mtoto analelewa na bibi. Ukimwona Bi Umulkheir anakwenda kisimani, nyuma yake utaona kijerikeni cha lita tatu kinatembea, na chini yake Jannat. Anawagombeza mbuzi kwa sauti ileile ya bibi yake. Alishapata malaria mara mbili mwaka huo. Nusura alisema wazi, mbele yangu: "Mama, nimevumilia mbili. Ya tatu namchukua. Akakae na mimi chumbani Kisugu, hata kama ni kufungiwa mlango mchana kutwa."

Kwa hiyo mkebe ule wa siagi haukuwa mchezo.

Sasa turudi kwa mwenyekiti. Dawudi alipoona mwenyekiti anacheka naye, akavimba kichwa. Akasimama, akajipiga kifua.

"Mimi ni wa ukoo wa Kamongo. Babu wa babu yangu amezikwa hapo juu. Nyinyi mlikuja na misafara, nnyabo. Bonde likiwashinda, barabara ya kurudi pwani iko."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata mwenyekiti alitazama dari.

Bi Umulkheir alikusanya mbu wake, akawarudisha mkebeni, akafunika. "Dawudi," akasema, "kofi lako ninalo. Leo sikupi kwa sababu tuko mbele ya serikali. Lakini ni lako, nakutunzia."

Akatoka. Kesi ikafungwa kwamba mbu hawana mwenyewe.

Tulipofika kwangu akaketi juu ya gunia la mkaa na baibui lake jeusi, akaniuliza, "Ati amesema yeye ni wa ukoo gani?"

"Kamongo."

"Na hawamli?"

"Wamle! Hata kumgusa kwa jembe hawawezi. Ni ndugu yao."

Waganda wana koo, na kila ukoo una ndugu yake, mnyama au samaki au hata uyoga. Kamongo ni samaki mrefu kama mkono wa mwanamume, mnene, sura ya nyoka aliyeshiba, na anapanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe. Vibarua wote wa Dawudi walikuwa wa ukoo wake, binamu na wapwa.

"Basi," akasema Bi Umulkheir, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nikamwona anatabasamu. "Akikuta ndugu zake mle shimoni, jembe litaingia wapi?"

Jumapili, Dawudi na watu wake wakiwa kanisani, boda ilimleta Bi Umulkheir kutoka mwaloni Ggaba, wavuvi wanakoshusha samaki. Mapajani alikuwa na jerikeni lililokatwa mdomo, limefunikwa leso. Mwenye boda aligeuza shingo. "Mama, hiyo kitu inatikisika. Ni nyoka?"

"Ni dawa ya miguu. Endesha."

Akawamwaga shimoni kamongo watatu, wazima. Mimi nilikuwa nimesimama mpakani, nikaona mikia tu. Akasuuza jerikeni, akaenda kuswali adhuhuri.

Siku tatu hakuna aliyeona kitu. Maji machafu, samaki wenyewe wavivu, wamelala chini kwenye tope. Siku ya nne Dawudi akaja langoni kwa Bi Umulkheir. Alikuja na kofia mkononi.

"Hajjati, mke wangu ana malaria. Watoto wawili pia. Amesema nichague yeye au shimo." Akakuna shingo. "Jumamosi lori linaleta udongo. Nafukia."

Bi Umulkheir alikuwa na kikombe cha maziwa ya mbuzi. Alikishika vilevile mpaka Dawudi alipoondoka. Alinijia mbio.

"Ameniharibia kisasi!" akasema. "Mwanamume gani anajirekebisha bila kuambia mtu?"

"Mwambie basi kuna samaki mle."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na sikupenda alichofikiri. "Nimwambie kwa nini? Afukie. Awazike ndugu zake kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nitakaa barazani natazama. Shimo limekwisha, kisasi kimekwisha. Siku moja, vyote viwili."

Nikamwambia hilo ni baya. Akaniambia nirudi kwenye mkaa wangu.

Jumamosi lori lilikuja, likarudi kinyumenyume mpaka ukingoni. Vibarua wakashika makoleo. Bi Umulkheir alikuwa amejiwekea kiti barazani, na birika la chai, na Jannat miguuni. Dereva akaanza kuinua bodi. Ndipo maji yalipofumuka katikati ya shimo, kichwa kikatokea, mdomo ukafunguka, hewa ikavutwa kwa sauti kama mzee anayekunywa uji wa moto. Kikazama. Kikaja cha pili.

"Simama!" Dawudi alipiga kelele. "Simama, ssebo! Usimwage!"

Makoleo yakaanguka. Dawudi alivua kofia. Vibarua wakavua zao. Nilidhani atatafuta mchawi wake, nikaanza kujificha nyuma ya muhogo. Lakini yule mwanamume machozi yalimlenga.

"Wamekuja," akasema. "Banange, babu zangu wamekuja wenyewe. Kutoka ziwani mpaka kwangu! Mimi nilitaka kuwafukia." Akageuka kwa dereva. "Peleka udongo wako pale kando. Shimo hili halifukiwi tena. Mpaka nife."

Nikamtazama Bi Umulkheir. Chai ilikuwa inamwagika nje ya kikombe.

Unafikiri alisema? Wapi! Wiki mbili alikaa kimya. Dawudi akazungushia shimo uzio wa matete, hata mkewe akashindwa kubishana na wazee. Watu wa ukoo wakawa wanakuja kutazama, wengine na suti. Mbu nao, wakaona wamepata ikulu. Nilimwambia Oyat, askari polisi mstaafu anayevua mle bondeni, alete oili chafu tumwage juu ya maji viluwiluwi wafe. Alipofika tu na kopo lake, Dawudi akamfukuza na panga: oili itawaua wazee.

Na kamongo wenyewe hawali hata kiluwiluwi kimoja. Wanakula konokono na kulala.

Jumanne ya wiki ya tatu Jannat aliamka amechemka. Kliniki walimtoboa kidole: malaria. Nusura alifika mchana uleule, hakuketi. Alikunja nguo za mtoto ndani ya mfuko wa plastiki huku Bi Umulkheir amesimama mlangoni.

"Nusura, niachie mpaka Ijumaa tu."

"Mama, Ijumaa mbu watakuwa wamekwenda wapi?"

"Shimo litafukiwa."

"Likifukiwa nipigie. Nitamleta siku hiyohiyo." Akambeba mtoto begani. Jannat alikuwa dhaifu hata kulia hakuweza; alisema tu, "Bibi, usisahau kumfunga yule mbuzi mwekundu, ni mwizi."

Bi Umulkheir alimfunga yule mbuzi mwekundu. Kisha akavaa viatu, akanipitia, tukaenda tanurini kwa Dawudi. Hakuzunguka.

"Wale si babu zako. Wale nimewanunua mwaloni."

Dawudi alikuwa anapanga matofali. Alibaki nalo moja mkononi. "Umenunua nani?"

"Kamongo. Watatu. Nilitaka ushindwe kuchimba."

"Umewanunua ndugu zangu? Kwa bei? Ukawatia kwenye jerikeni? Ukawapandisha boda?"

"Niliwafunika na leso."

Mpwa wake mmoja alianza kucheka, akapigwa kiwiko. Dawudi aliweka tofali chini, akavuta pumzi.

"Sawa. Utawatoa. Watatu, wazima, hata pezi isikatike. Uwarudishe kwenye maji yao. Watu wangu hawagusi. Siku samaki ya tatu ikitoka, mimi nafukia. Una deni yangu, Hajjati. Samaki watatu."

"Nitalipa," akasema Bi Umulkheir. "Na lile kofi lako bado ninalo."

Kuwatia samaki shimoni ni Jumapili moja. Kuwatoa ni maisha. Bi Umulkheir alimkodi Oyat, na Oyat alikuwa na sharti lake.

"Mama, mimi nitatoa watatu. Lakini moja inaenda kwa sufuria yangu. Kwetu Gulu hii ni nyama ya harusi."

"Ukimla hata mmoja, Dawudi atakukaanga wewe."

"Basi nipe mbuzi."

"Nitakupa kuku, na usinijaribu."

Oyat alisuka migono miwili ya matete, akaweka konokono waliopondwa ndani, akaizamisha. Bi Umulkheir alikuwa akikaa ukingoni kuanzia asubuhi, gauni amelifunga magotini, miguuni gambuti za marehemu mumewe. Mbu walimla yeye badala ya Jannat. Kila aliyetua alimwua, na kila aliyemwua alimwambia neno: "Huyu wa Nusura. Huyu wa mfuko wa plastiki. Huyu wa mbuzi mwekundu."

Siku ya tano wa kwanza aliingia. Alimng'ata Oyat kidole mpaka mstaafu yule akatukana kwa lugha zote za jeshi la polisi. Wakambeba kwenye beseni mpaka mferejini, ule unaopita mafunjoni hadi ziwani, Dawudi akifuata nyuma kofia mkononi, akisema polepole, polepole, kama anayesindikiza mgonjwa. Wa pili aliingia siku ya tisa.

Wa tatu hakuingia. Walibadilisha konokono, wakaweka dagaa, wakaweka utumbo wa kuku. Hakuna. Oyat alipapasa chini kwa mti. Hakuna.

"Labda alikufa," nikasema.

"Nipe maiti yake basi," akasema Dawudi. "Sifukii kwa labda."

Bi Umulkheir alikwenda Kisugu kila Ijumaa kumwona mtoto. Alirudi na maneno machache kila safari. Mara ya tatu aliniambia kwamba Jannat amejifunza kukaa kimya, kwa sababu mwenye nyumba hapendi kelele. Akasema hivyo, akaanza kukata matete ya mbuzi kwa nguvu, akakata na mayuni yake mwenyewe. Hakuwa akimtaja Dawudi tena. Alikuwa akimtaja kamongo. "Nitampata," alikuwa akisema, kama vile samaki yule ndiye aliyemtukana babu yake.

Desemba mvua zikakatika. Jua lilikaza mpaka Januari, shimo likapungua, likawa dimbwi, likawa tope, tope likapasuka kama kisigino. Mbu wakapungua, lakini sote tulijua mvua zikirudi Machi watarudi nazo. Bi Umulkheir alikuwa akishuka mle shimoni kila asubuhi, ameinama, anatafuta.

Ilikuwa ni Jumatano alipopiga kelele ya kumwita Oyat. Kwenye tope kavu kulikuwa na tundu dogo, duara, la kutosha kidole gumba. Oyat alilala kifudifudi, akaweka sikio.

"Mama. Iko ndani. Inakoroma."

Ndivyo kamongo anavyofanya. Maji yakimkimbia anajizika kwenye tope, anajikunja, anaacha tundu la pumzi, anangoja mvua. Yule wa tatu alikuwa amelala pale muda wote huo huku Nusura anafungia mtoto mlango.

Oyat alinyanyua jembe. "Ngoja!" Dawudi alikuwa amekuja mbio kutoka tanurini. "Utamkata! Hiyo ni udongo ya matofali, mimi ndiye najua inavyokatwa." Hakugusa. Alisimama ukingoni akaelekeza kwa fimbo: kata hapa, nenda chini hivi, geuza koleo, usitikise. Bi Umulkheir alikata mwenyewe. Hakumwachia Oyat. Alikata pande nne, kama wanavyokata wao, mpaka likatoka bonge moja, tofali kubwa kama mto wa kulalia, na ndani yake samaki mzima amejikunja.

Walilipakia kwenye wilbaro. Bi Umulkheir aliisukuma mwenyewe mpaka mferejini, gambuti zinapiga kofi kwenye visigino, sisi sote nyuma. Wakaliteremsha bonge majini, kwenye kina cha magoti. Tukangoja. Udongo ulianza kulainika, ukawa mweusi, ukamomonyoka pembeni. Kisha kikatokea kitu kama kamba nene, kikanyooka, kikapanda juu, kikavuta hewa, kikaenda zake mafunjoni bila kutazama nyuma.

Dawudi alikuwa amesimama ukingoni, kofia ameishika kwa mikono miwili kifuani.

"Watatu," akasema. "Umelipa, Hajjati. Kesho asubuhi nafukia. Mwite mtoto."

Bi Umulkheir alikuwa bado majini, anahema, tope mpaka kwenye nyusi. Akapanda ukingoni. Akamsogelea Dawudi, akamtazama usoni, akaendelea kumtazama, na mimi nikaona anachokitazama. Kwenye shavu la Dawudi, la kushoto, mbu alikuwa ametua. Amejaa, tumbo jekundu.

Kofi lile lilisikika tanurini. Vibarua waligeuka wote.

"Hajjati!"

Bi Umulkheir akafungua kiganja, akamwekea mbele ya macho. Mbu amepondeka, na tone la damu.

"Ushahidi," akasema. "Kutoka shimoni kwako. Huyu hata mwenyekiti hamkatai."

Dawudi alishika shavu. Akatazama kiganja, akatazama mferejini, akamtazama yule mama. Midomo ilimcheza. Mwishowe akavaa kofia yake.

"Lilikuwa langu," akasema. "Tangu kwa mwenyekiti."

"Lilikuwa lako. Nilikutunzia vizuri."

Akajipangusa mkono kwenye gauni, akatoa simu kifuani, akampigia Nusura.